Kalulu Katika Baridi ya London

Katika nchi ya Shinyanga baridi ni mgeni wa miezi miwili mitatu tu, kuanzia Juni. Huja alfajiri, wachungaji wamejikunyata katika mashuka yao kando ya zizi. Na jua likisha kupanda juu ya miti, mgeni yule amekwisha ondoka. Aliyekosa shuka huota moto kidogo, akangoja. Hapana fundi wa Usukuma wala wa Geita ajengaye nyumba huku akiifikiri baridi. Yeye hufikiri mvua na jua. Kwa hiyo ni kazi ngumu kumweleza mtoto wa huku habari za miji ya Ulaya katika majira ya baridi, maana huko baridi si mgeni, ni mwenye nyumba. Hukaa miezi minne na zaidi, nayo huwaamuru watu wavae nini, watoke saa ngapi, na warudi saa ngapi.

Yuko mtoto mmoja aliyetoka huku bara akaipata baridi hiyo zamani sana, kabla ya reli na kabla ya utawala wa Wadachi. Jina lake Kalulu. Habari zake zaanza Unyanyembe, katika nchi ya Tabora inayopakana na Shinyanga, mwaka 1871.

Mwaka huo Henry Morton Stanley, mzaliwa wa Wales aliyekuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa amekaa Kwihara, karibu na Tabora. Alikuwa akitafuta njia ya kwenda Ujiji kumwona Daktari Livingstone, lakini njia ilikuwa imefungwa kwa vita vya Mirambo na Waarabu. Basi mfanyi biashara mmoja Mwarabu akampa Stanley zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa mtoto mdogo, mtumwa. Mtoto yule aliitwa Ndugu Mhali, na Stanley aliandika kwamba maana yake ni mali ya ndugu. Lifikirini jina hilo. Wasukuma humpa mtoto jina la babu yake, au humwita Mbula kwa sababu alizaliwa siku ya mvua, au Nzala kwa sababu mwaka ule palikuwa na njaa. Huyu aliitwa mali.

Stanley hakulipenda jina lile, akawataka watu wake wachague jingine. Mmoja akasema aitwe Simba. Likatajwa jina la Ng'ombe, likakataliwa. Ndipo likatajwa jina la Mirambo, na watu wote wakacheka sana, maana ndilo jina lililokuwa likiwanyima usingizi siku zile. Mwisho Ulimengo, mmoja wa watu wa msafara, akamtazama mtoto, akaona jinsi macho yake yanavyong'aa na jinsi alivyo mwepesi wa mwendo, akasema kwamba huyu ni Kalulu. Stanley alieleza kuwa ndilo jina la mwana wa paa. Wote wakakubali. Katika habari hiyo hapana mahali panaposemwa kwamba mtoto mwenyewe aliulizwa.

Kalulu akawa mtumishi wa Stanley. Akaenda naye hata Ujiji, akamwona Livingstone, mzee mwenye mvi ambaye Ulaya nzima ilikuwa ikimtafuta. Wakarudi wote pamoja mpaka Unyanyembe, ambako Livingstone alibaki, na Stanley akashuka pwani. Tarehe 29 Mei 1872 wakaondoka Unguja kwa meli, na Kalulu alikuwamo. Wakapita Shelisheli, Adeni na Marseille, na mwanzo wa Agosti wakafika London. Mtoto yule yakadiriwa kuwa alizaliwa karibu na mwaka 1865. Basi alikuwa na miaka kama saba, yaani umri wa mtoto anayeanza darasa la kwanza.

London siku zile ulikuwa mji mkubwa kupita miji yote ya dunia. Watu wake walizidi milioni 3. Ili kupata kipimo, katika sensa ya mwaka 2022 watu wote wa mkoa wa Geita, pamoja na visiwa vyake na machimbo yake ya dhahabu, walikuwa hawajatimia milioni 3. Hesabu wote hao uwaweke katika mji mmoja, nyumba zao zimeshikana ukuta kwa ukuta, na chini ya ardhi gari la moshi lapita katika shimo refu, maana reli ya chini ya ardhi ilikuwa imefunguliwa huko tangu mwaka 1863.

Watu wa London wakamshangaa mtoto kuliko yeye alivyoushangaa mji. Akapigwa picha, amesimama karibu na Stanley, na nyuma yao pametandikwa kitambaa kilichochorwa. Hata sanamu yake ikafanywa kwa nta, ikawekwa pamoja na ya Stanley katika nyumba ya sanamu ya Madame Tussaud, ambako watu hulipa fedha ili watazame. Novemba 1872 Stanley akamchukua Marekani, ambako alikwenda kusimulia habari za safari yake, na magazeti ya huko nayo yakaandika juu ya Kalulu. Mwaka 1873 Stanley akatoa kitabu cha hadithi kwa ajili ya vijana, akakiita My Kalulu. Lakini Kalulu wa kitabuni ni mwana wa mfalme.

Kalulu mwenye mwili na damu akatiwa shule ya bweni huko Wandsworth, kusini ya mto Thames. Alikaa shuleni muda wa miezi 18. Na Stanley, kama desturi yake, akaenda zake: mwishoni mwa mwaka 1873 alikuwa Afrika ya Magharibi akiandika habari za vita vya Waingereza na Waashanti. Hivyo majira ya baridi ya mwaka 1873 yalimkuta Kalulu London, na mtu pekee aliyekuwa amemleta hayuko.

Yafaa hapa tuzieleze siku za baridi za mji ule.

Watu wengi hudhani kwamba jambo gumu ni ubaridi wenyewe. Ubaridi una dawa yake, nayo ni sufu na moto. Mtoto wa shule huvaa fulana ya sufu, na juu yake shati, na juu yake koti zito; huvaa soksi ndefu na viatu vya ngozi vya kufunga kwa kamba. Mtoto aliyezoea kukanyaga udongo kwa nyayo zake huona viatu hivyo kama pingu, lakini baada ya siku chache huvizoea. Nyumbani huwashwa makaa ya mawe katika meko iliyojengwa ukutani, na watu hukaa mbele yake. Hapo mtu huungua uso huku mgongo waganda. Katika mabweni mengi ya shule wakati ule moto haukuwashwa kabisa, na asubuhi yaliweza kukutwa maji ya kunawa yamefanya utando wa barafu. Mtoto huivunja kwa ngumi, akanawa.

Nje miti haina jani hata moja. Mgeni akiiona mara ya kwanza hudhani imekufa. Lakini mtoto wa Shinyanga aijuaye mibuyu hawezi kudanganyika, maana mbuyu nao hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi, nao haufi. Pumzi hutoka kinywani kama moshi wa kiko. Na siku nyingine mtu huamka akaona kimya kisicho cha kawaida, akifungua dirisha huona theluji imeanguka usiku. Mvua hupiga mabati kila mtu akaisikia; theluji haina sauti. Hufunika paa, ukuta na njia, vyote vikawa vyeupe kama unga wa mtama mweupe uliomwagika ghalani. Watoto hutoka mbio kuichezea, wazee hununa. Katika London ya zamani weupe ule haukudumu, maana masizi ya makaa yaliuangukia, na hata jioni ulikuwa tope jeusi.

Basi hayo yote, nguo na moto na theluji, mtoto huweza kuyazoea. Lililo gumu ni kukosa mwanga.

Twaa chungwa, ulichome kijiti katikati, utokeze juu na chini. Ulishike karibu na taa usiku, nalo liwe limeinamishwa kidogo, si wima. Ulizungushe juu ya kijiti chake. Utaona ya kuwa sehemu ya katikati hupata mwanga na giza kwa kiasi kilicho sawa; lakini ile ncha iliyoinama mbali na taa hukaa gizani muda mrefu. Dunia nayo imeinama hivyo. Shinyanga iko karibu na katikati, nusu ya chini, kwa hiyo mwaka mzima mchana wake una saa kama 12, na jua likichomoza saa kumi na mbili na nusu leo, halitakosa kuchomoza karibu na saa hiyo miezi sita baadaye. London iko mbali kaskazini. Mwezi wa Desemba upande ule wa dunia umeinama mbali na jua, na jua huchomoza baada ya saa mbili za asubuhi, likatua kabla ya saa kumi za alasiri. Mchana wote hautimizi saa nane. Na hata wakati huo jua halipandi kichwani. Hukaa chini upande wa kusini kama jua la saa kumi na moja huku kwetu, la rangi ya manjano, na halina nguvu ya kukausha nguo.

Mtoto huingia darasani taa zinawaka, na akitoka jioni taa zinawaka tena. Huko kwao mtu akitaka kujua saa hutazama kivuli chake. Katika Desemba ya London zapita siku nyingi mtu asikione kivuli.

Desemba ya mwaka 1873 ilizidi. Katika kila nyumba ya mji ule mkubwa mlikuwa na moto wa makaa ya mawe, na viwanda na garimoshi zilikuwa na moto wao. Pepo zisipovuma, hewa ya baridi hulala chini kama mfuniko, na moshi hukosa mahali pa kwenda. Huchanganyika na ukungu utokao mtoni, ukawa kitu kizito, cha rangi ya manjano na hudhurungi, chenye harufu ya kiberiti na ladha chungu kinywani. Juma la pili la mwezi ule ukungu wa namna hiyo uliushukia mji, ukakaa siku kadha wa kadha. Taa za gesi za njiani ziliwashwa mchana wala hazikusaidia kitu. Watu walijishika kuta wakienda. Wako waliotumbukia majini katika gati na mifereji wakafa, kwa sababu hawakuona wanapokanyaga.

Juma hilohilo yalikuwapo maonyesho makubwa ya ng'ombe huko Islington, ndani ya mji. Wafugaji walikuwa wameleta ng'ombe wao bora kutoka mashambani, wanyama walionenepeshwa mwaka mzima kwa kutazamia zawadi. Ng'ombe wale hawakuwa wamezoea hewa ya mji. Ukungu ulipoingia katika nyumba ya maonyesho wakaanza kuhema, ulimi nje, mbavu zikienda juu na chini. Wengine wakafa hapo walipofungwa. Wengine ilibidi kuwachinja upesi kabla hawajafa wenyewe. Msukuma anajua nini huua ng'ombe: ukame, ndigana, simba wa zamani, mwivi. Lakini ng'ombe kufa kwa kuvuta pumzi tu, amesimama mahali pakavu, majani mbele yake na mchungaji wake karibu, ni jambo ambalo mzee wa Shinyanga akisimuliwa angeomba lirudiwe.

Na wanadamu walikufa vilevile, wengi kuliko kawaida ya majuma ya Desemba, hasa wazee na wenye vifua vibovu. Makaa yaliyowapasha watu joto ndiyo yaliyowaziba pumzi. Waingereza walichelewa sana kuyakubali hayo. Baada ya ukungu mwingine mbaya zaidi wa Desemba 1952 ndipo ilipotungwa sheria ya hewa safi, mwaka 1956. Leo mgeni aendaye London wakati wa baridi hukuta mvua na giza la mapema, lakini ukungu ule wa moshi hataukuta.

Kalulu akaupita mwezi ule, akauona mwaka mpya.

Siku zilezile, katika nchi ya Wadachi, walikuwako watoto wengine watatu wenye asili ya huku katika baridi kama ile. Mama yao alikuwa Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri kwa merikebu ya Waingereza, na mwaka uliofuata akaolewa na mfanyi biashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete. Agosti 1870 mumewe alikanyagwa na gari la reli livutwalo na farasi, akafa baada ya siku chache, na mtoto mdogo kuliko wote alikuwa hajatimiza miezi minne. Salme akabaki na watoto watatu, fedha kidogo, na nchi ambayo hata wazawa wake huilalamikia baridi yake. Alifundisha Kiarabu ili apate riziki. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake, nazo barua zake, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kufa kwake, zaeleza ukiwa wake katika nchi ile ya ugenini.

Mtu akiyapima mambo ya watoto hawa na ya Kalulu, aweza kusema kwamba Kalulu ndiye aliyebahatika. Yeye alikuwa na ada ya shule iliyolipwa, jina katika magazeti na sanamu ya nta. Watoto wa Salme walikuwa na mama mwenye madeni. Lakini jioni ya Desemba, taa zikisha washwa na ukungu ukipiga kioo cha dirisha, mtoto hatafuti gazeti. Hutafuta mtu anayemjua tangu alipokuwa mdogo, awezaye kumwambia, ulipokuwa huku ulifanya hivi na hivi. Katika mji ule wenye watu zaidi ya milioni 3, Kalulu alikuwa na mtu mmoja tu awezaye kumwambia neno kama hilo, naye alikuwa vitani Ashanti. Huu ndio ubaridi ambao mshona nguo wa London hakuwa na kitambaa chake.

Majira yakageuka. Aprili 1874 miti ilipoanza kuchipua, meli ilileta Uingereza mwili wa Livingstone. Alikuwa amekufa mwaka uliotangulia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, na watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuchukua mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili akazikwa katika kanisa kuu la Westminster, mahali wazikwapo wafalme. Chuma na Susi, waliofanya kazi ile yote, hawakuwapo. Hawakuletwa kwa wakati. Waingereza wengi tangu siku ile wamekiri kwamba haikuwa haki. Aliyekuwapo ni Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyesoma Nasik huko Bara Hindi, naye alikuwa mmoja wa wale waliolishika sanda la jeneza pamoja na Stanley.

Na Kalulu alikuwapo. Kanisa lilijaa mabwana wakubwa na wake zao, wamevaa nguo nyeusi, kila mmoja akilia kwa ajili ya mzee wa Afrika. Katika watu wale wote walikuwa wachache mno waliomwona mzee huyo katika miaka yake ya mwisho, akiwa na kofia yake ya zamani, ameketi barazani Ujiji. Mtoto yule wa miaka tisa hivi alikuwa mmoja wao.

Agosti mwaka huo Stanley akaanza safari nyingine, akamtoa Kalulu shuleni, akaenda naye. Novemba 17, 1874 wakatoka Bagamoyo, msafara wa watu zaidi ya 300. Desemba ya mwaka uliopita Kalulu alikuwa katika ukungu wa Wandsworth. Sikukuu ya Noeli ya mwaka huu ilimkuta Ugogo, mvua inanyesha mchana kutwa, hema zimesimama katika matope, chakula hakipatikani. Kisha wakaingia katika nchi ambazo watu wengi wa msafara walikufa kwa njaa, kwa maradhi na kwa vita.

Hata Februari 1875 wakatokea Usukuma. Wapita njia wale wenye njaa wakaiona nchi ya Usiha, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Shinyanga: mbuga pana, makundi ya ng'ombe, na yale mawe makubwa ya kijivu yaliyopangana juu ya vilima. Stanley alisifu sana nchi ile, akaandika kwamba mtu akipanda juu ya mawe hayo huona upeo usio na mwisho. Hapo palikuwa na chakula, na mwanga haukupungua saa hata moja. Tarehe 27 Februari wakafika Kageye, katika ukingo wa ziwa Nyanza.

Aprili 1876, wakirudi kutoka Uganda na Karagwe, wakafika Serombo, yaani nchi ya Ushirombo iliyo leo katika mkoa wa Geita. Huko Stanley akakutana na Mirambo mwenyewe, wakachanjiana udugu. Mirambo akaonekana mtu mpole wa maneno, wala si yule jini wa hadithi za Kwihara. Ndivyo jina lililotajwa kwa mzaha juu ya mtoto Ndugu Mhali lilivyokutana naye, baada ya miaka mitano, katika mwili wa mtu.

Wakaenda Ujiji, na Agosti wakavuka ziwa Tanganyika ili waelekee magharibi, kwenye mto Kongo. Watu wakaogopa mbele, wakaanza kutoroka usiku. Stanley akawatuma watu kuwafuata. Na miongoni mwa waliotoroka alikuwa Kalulu. Stanley aliandika jambo hilo kwa mshangao mwingi, akikumbusha kwamba huyo ndiye aliyempeleka Uingereza na Marekani, akamweka miezi 18 katika shule ya Kiingereza. Alilihesabu kuwa ni kukosa shukrani.

Lakini tuihesabu hesabu yenyewe. Kalulu alitolewa Unyanyembe kwa sababu alipewa mtu. Alikwenda London kwa sababu bwana wake alikwenda. Alikwenda Marekani akarudi, akaingia shule, akatolewa shule, akavuka bahari mara ya nne, akapita Ugogo, Usukuma na Uganda, na kila safari iliamriwa na mwingine. Alikuwa amekwenda mbali kuliko karibu watoto wote wa dunia wa wakati wake, na safari aliyojichagulia mwenyewe ni hiyo moja tu, ya kukimbia usiku kando ya Tanganyika. Ilimfikisha katika kisiwa cha Kasenge. Huko alikutwa, akarudishwa msafarani.

Tarehe 28 Machi 1877 msafara ulikuwa ukishuka mto Kongo mahali penye maporomoko. Amri ilikuwa kwamba mitumbwi ishike ukingo. Mtumbwi mmoja mkubwa uitwao Mamba ukavutwa na mkondo hata katikati ya mto, na ndani yake alikuwamo Kalulu na wenzake. Waliokuwa ukingoni waliuona ukipita mbele yao upesi sana, hapana la kufanya. Ukafika ukingo wa maporomoko, ukashuka, ukazungushwa mara tatu nne katika kizingia cha maji, kisha ukazama. Hapana hata mmoja wao aliyeonekana tena.

Stanley alikuwa akitazama. Baadaye, alipoichora ramani ya mto, maporomoko yale aliyaandika kwa jina la Kalulu.